Aliyekataa Kuitika

Habari za dada mtu zilikwisha kuzagaa mji mzima. Ukikaa kwa kinyozi utasimuliwa jinsi Komeo alivyokitoa kile kitu kilichokuwa kikiishi ndani ya lifti ya hospitali, kikiwapeleka wagonjwa kwenye ghorofa ambayo haikujengwa. Ukienda sokoni utaambiwa jinsi alivyokibembeleza kivuli cha chini ya daraja mpaka kikakubali kuhama, kimya kimya, kama mpangaji mstaarabu. Kazi yake ilikuwa kufunga yale yasiyotakiwa kuwa wazi, ndiyo maana watu wakamwita Komeo. Wapo waliomwogopa na wapo waliompenda, ila hakuna aliyempita njiani bila kumsalimu.

Lakini kisa hiki si cha Komeo. Ni cha mdogo wake, ambaye nusu ya mji haikujua kama amezaliwa.

Nyumbani walimwita Kifaranga, kwa kuwa tangu apate akili hakuwahi kutoka chini ya bawa la mama yake. Waliishi ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: cherehani ya miguu ya mama karibu na dirisha, meza ya kukatia, pasi, vitambaa vilivyopangwa mpaka karibu na dari, na sanamu ya kujaribishia nguo isiyo na kichwa, ambayo Komeo alipokuwa mdogo aliipa cheo cha shangazi. Kifaranga alitia vifungo, alikunja pindo, alitarizi kola. Mkono wake ulikuwa mwepesi na wateja walimsifia, kisha wakiwa wanashuka ngazi wakaambiana, "Maskini, binti mzima, na kifua chake hicho."

Kifua ndicho kilichomfunga. Mama alisema amezaliwa nacho kibovu, na kwamba vumbi la barabarani lingemuua kabla hajafika kwenye kona. Kila jioni alifunikwa shuka juu ya bakuli la maji ya moto ili avute mvuke. Shule aliisomea pale pale mezani, kati ya pini na chaki. Mengine yote aliletewa na dada yake, maana Komeo, pamoja na ukali wake wa huko nje, ndani ya nyumba alikuwa na mdomo usiojua kupumzika. Kifaranga ndiye aliyempa jina la nyumbani, enzi wakilala kitanda kimoja: Chiriku.

Mtu aliyefungiwa hujifunza kusikia. Kifaranga aliijua barabara kwa masikio kuliko wengi walivyoijua kwa miguu. Alijua mchomeleaji wa ng'ambo akiwa na hasira kwa jinsi nyundo yake ilivyolia. Mteja akianza kupanda ngazi, yeye alikwisha mtolea gauni lake kwenye rafu. Jambo moja tu hakulizoea. Tangu utotoni, mara chache, alisikia akiitwa kutoka ukutani, pale palipobaki matundu ya skrubu za simu ya zamani. Ilikuwa sauti ya mbali, kama ya mtu aliye mwisho wa bomba.

"Mama, nani ananiita?" aliuliza.

Mama alikanyaga cherehani kwa nguvu, hata kama hapakuwa na kitambaa chini ya sindano, mpaka ukuta uliponyamaza.

Siku mambo yalipoharibika, Komeo aliletwa nyumbani mchana kweupe, ameshikwa mkono kama bi harusi asiyeona njia. Aliyemshika ni mwenzake wa kazi, fundi wa nyaya za simu, kijana mrefu hata watu wakamwita Ngazi. Huyu kwa kawaida alikuwa mtu wa mizaha. Alikuwa akimwita Kifaranga "shemeji" mbele ya Komeo makusudi, ingawa Komeo hakuwahi kumpa hata nusu ya ahadi. Siku hiyo hakutania.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu ana nini?"

Ngazi alitazama viatu vyake. "Ameitika, mama."

Mkasi ulimtoka mama mkononi.

Kwa wakati huo mji mzima ulijua maana ya neno hilo. Watu walikuwa wakipotelewa na sauti. Mtu yuko jikoni au ofisini, anasikia anaitwa na mtu wake kutoka kwenye ukuta uliopitishwa nyaya za zamani. Anaitika, kama yeyote angeitika, na toka hapo hatoi tena hata mguno. Mke wa mwoka mikate alikuwa wa kwanza. Akafuata mwalimu wa darasa la kwanza, kisha dalali wa mnadani, ambaye watu walidhani hata kifo hakitamnyamazisha. Baada ya siku moja au mbili waliacha kula. Kisha waliinuka na kuanza kutembea, wote kuelekea upande mmoja, kwenye jengo la mitambo ya simu lililoachwa miaka mingi. Jamaa zao waliwafungia ndani ili wasiende. Kilichokuwa mle watu walikiita Mwitaji, na Komeo alikwenda kukifunga.

Mama alifunga mlango kwa funguo, akaburuta meza ya kukatia mpaka mlangoni. "Hakuna anayetoka," alisema. "Hakuna."

Komeo alikaa chini ya dirisha. Mdomo ulifunguka, koo likahangaika, hakikutoka kitu. Kifaranga alimshika mikono, akamsemesha mambo ya kipuuzi, ya shangazi asiye na kichwa na mteja aliyetaka suruali yenye mifuko kumi. Komeo alimtazama kama mtu anayetazama treni ikiondoka. Kesho yake alikataa chai. Siku iliyofuata alisimama mbele ya ile meza, akawa anakwaruza kitasa cha mlango bila hata kukiangalia, macho yake yakiwa upande ule wa jengo la simu.

Ngazi alipokuja kujulia hali, Kifaranga alimsubiri akae kitini, akamuuliza, "Kaka Ngazi, dada aliitwa vipi?"

"Acha hayo, shemeji."

"Aliyajua yote. Aliwaonya watu wasiitike. Aliitwa kwa sauti ya nani?"

Ngazi alimtazama mama kwanza. Mama aligeukia dirisha.

"Yako," Ngazi alisema. "Alikuwa katikati ya ukumbi, ameshakiamuru kile kitu kwa maneno yake yote na hakikujibu. Mara tukakusikia wewe. Ulisema, 'Dada, kifua kimenibana.' Mimi mwenyewe nilitaka kukimbia huku. Yeye akaitika, 'Abee, nakuja!' Ikawa ndiyo mwisho."

Kifaranga aliichomeka sindano kwenye kitambaa. Alihisi uso ukimwaka, kama mtu aliyeibiwa nguo yake na kuikuta imevaliwa na mwizi. Mtu alikuwa ameitumia sauti yake kumwangusha dada yake, na yeye alikuwa hapa hapa, akitia vifungo.

"Kama kuitika ndiko kunakoipeleka sauti," alisema polepole, "basi hata hizo zilizomo mle zinaweza kuitika. Sauti haiachi tabia yake. Dada alimwamuru Mwitaji. Je, kuna mtu aliyewahi kuingia akawaita watu wake?"

Ngazi alikuna kichwa. "Nani angefikiria? Wote tuliingia kupigana."

"Basi mimi nakwenda kumwita dada."

Mama aligeuka kutoka dirishani. "Unakwenda wapi na kifua hicho?"

"Nakwenda nacho."

"Mwanangu, usinitie wazimu. Mmoja amekwisha kwenda."

"Ndiyo maana namfuata, mama."

"Na huyu nani atamshika asitoke?"

"Wewe." Kifaranga hakusema kwa kejeli, alisema kama mtu anayegawa kazi za siku. "Kazi ya kumshika mtu asitoke, hakuna anayeiweza kukushinda."

Kucha za Komeo ziliendelea kukwaruza mlango. Mama alizisikiliza. Alionekana mzee ghafla. Mwishowe aliishika meza upande mmoja, Ngazi akashika upande mwingine, wakaiondoa. Kabla ya kufungua, mama alimzungushia Kifaranga mtandio puani na mdomoni, akaufunga kwa nguvu kisogoni.

"Ukiitwa—" alianza.

"Siitiki. Nimesikia, mama."

Ngazi za jengo lao Kifaranga alizijua kwa mlio wa miguu ya watu. Sasa alizijua kwa miguu yake. Chini, mlango wa duka la magodoro ulikuwa wazi, na jua likampiga usoni. Hakuna kitu kilicholingana na sauti yake. Mchomeleaji, ambaye toka dirishani aliona paa la kibanda chake tu akamdhania jitu, alikuwa mzee mfupi mwenye miwani. Malori hayakunguruma tu, yalisukuma hewa. Gari la Ngazi lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara.

"Nishike mkono," Ngazi alisema. "Nikisema twende, twende. Usisimame katikati ukaanza kushangaa."

Alisema twende, na Kifaranga akakimbia. Hakuwahi kukimbia maishani mwake. Mtandio ulifunguka ukabaki shingoni, na alipofika ng'ambo aliinama, mikono magotini, akaganda.

"Vipi, shemeji?"

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Kifua."

Walisimama. Moshi wa mchomeleaji uliwapitia. Lori la mchanga likawamwagia vumbi kichwani. Moyo wake ulidunda, lakini pumzi ziliingia na kutoka kama za mtu yeyote.

"Labda kimechelewa," Ngazi alisema. "Barabara leo zina foleni."

Kifaranga alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Alivuta pumzi nyingine, ndefu, ya makusudi, akaijaza mpaka mbavu zikauma. Hakukohoa.

"Kaka Ngazi, mimi si mgonjwa."

Ngazi alijishughulisha na funguo za gari. "Hayo ni ya ndani ya nyumba yenu."

"Sijawahi kuwa mgonjwa."

Angeweza kurudi juu saa ile ile. Alikuwa na maneno ya kumtosha mama mpaka jioni, na hasira za kumtosha mwaka mzima. Aliinua macho, akaliona dirisha lao, na kivuli cha mama kimemshika Komeo mabegani. Aliuvua mtandio, akaukunja, akauweka mfukoni.

"Hayo yana wakati wake," alisema. "Washa gari."

Jengo la simu lilikuwa na kuta nene na madirisha marefu yaliyovunjika. Ngazi alijiziba masikio kwa pamba, akaongeza na nta juu yake, akamfunga Kifaranga kamba kiunoni. Yeye angebaki mlangoni pa ukumbi ameshika ncha ya pili. Kamba ikivutwa, angemtoa, hata kwa kumburura. Kifaranga hakuziba masikio. Bila masikio asingekuwa na kazi mle ndani.

Ukumbi ulikuwa mrefu, umejaa jua na manyoya ya njiwa. Kando ya kuta zilisimama mbao za kuunganishia simu, zenye matundu mengi kama sega la nyuki, na mbele ya kila ubao kiti cha opereta kilichoota kutu. Kwenye matundu zilining'inia nyaya nyeusi. Hapakuwa na upepo, lakini nyaya zilikuwa zikitikisika.

Alifika katikati. Kitu kikalia *tk*, kama ulimi unapogusa kaakaa.

"Kifaranga!"

Alikuwa mama. Si mfano wa mama. Mama mwenyewe, na pini zake midomoni. Mtoto aliyelelewa akaleleka hafikiri kabla ya kuitika; huitika kama jicho linavyofumba mdudu akija. "Abee" ilikwisha panda mpaka kwenye meno. Kifaranga aliuma ulimi, akasikia ladha ya damu.

"Kifaranga! Nakuita hunisikii? Umeanza kiburi?"

Aliendelea kuuma.

"Shemeji, toka! Dari linaanguka!" Huyo alikuwa Ngazi, nyuma yake, na hofu tele. Kifaranga aliigusa kamba. Ilikuwa imelegea, imetulia. Ngazi wa kweli angeivuta kabla ya kusema. Hakugeuka.

Kisha ikaja sauti ya mwanamume asiyemjua, ya upole, yenye kuburuza mwisho wa maneno kama Komeo anavyofanya akichoka. Na papo hapo akaijua. Ndiyo ile ya ukutani.

"Mwanangu mdogo. Baba yako niko hapa miaka yote hii. Hata mara moja hutaniitikia?"

Aliambiwa baba alikufa kwa homa yeye akiwa bado hajaanza kutembea. Hakuwahi kumsikia akisema neno. Machozi yalimtoka yenyewe, akayaacha. Alitaka kuitika kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, zaidi ya kutoka nje, zaidi ya kukimbia. Lakini alijiambia: baba akimwita mwanawe, humwita nyumbani. Hamwiti huku.

Akafungua mdomo, si kwa kuitika, bali kwa kuita.

"Chiriku!"

Nyaya zote zikasimama. Kitu kile kilikuwa kimeita watu mwaka hadi mwaka. Hakuna aliyewahi kuita ndani yake. Lakini hakuna aliyejibu, na punde ukumbi ukaanza kucheka, vicheko vya watu wengi vikiwa vimeshonwa pamoja vibaya. Kifaranga alijisikiliza, akajua kosa lake. Alikuwa ameita kwa woga, kama mgeni anayebisha hodi. Nani huitika vizuri kwa mgeni? Akafumba macho. Akakumbuka kitanda kimoja, baridi, na dada mwenye viwiko vikali.

"Chirikuuu! Umechukua mto wangu tena!"

"Abee!" sauti ikapasuka kutoka kwenye ubao wa kushoto, imejaa hasira ya usingizi. "Mto gani tena, wewe mtoto? Si uko kichwani kwako huo!"

Waya mmoja ulichomoka tunduni kwa nguvu, ukapiga sakafu. Sauti ya Komeo ilimpita Kifaranga sikioni, bado ikilalamika, ikatokea dirishani, ikapotea juu ya mabati kuelekea nyumbani. Hapo ukumbi ukalipuka. Kila tundu lilimwita kwa mkupuo: mama, baba, watoto, wazee, kwa kubembeleza na kwa matusi. Aliivuta kamba, na Ngazi akamtoa mbio.

Walikuwa wamekaa kwenye ngazi za nje, wakihema, simu ya mkononi ya Ngazi ilipotetemeka mfukoni mwake. Aliitazama, akamnyoshea. "Mama yako."

Kifaranga alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akatikisa kichwa.

"Aa, samahani." Ngazi aliitoa pamba, akapokea, akasikiliza, na ule uso wake mrefu ukaanza kufunguka. "Ni wa kweli," alisema. "Komeo yuko mezani anakula mkate mzima, na anataka kujua nani aliyesema habari za mto."

Jioni hiyo mama alikaa kwenye cherehani bila kukanyaga. Kifaranga hakukaa.

"Kifua changu, mama."

Mama aliinyosha tepu ya kupimia mapajani, akaikunja, akainyosha tena. "Baba yako alikuwa fundi wa mitambo mle kwenye jengo la simu," alisema. "Siku moja aliitwa, kwa sauti yako wewe, ulikuwa unatambaa. Akaitika. Alirudi bubu. Sikujua ni nini, nikampa dawa za koo. Kisha akatoka asubuhi na hakurudi hai. Siku tuliyomaliza msiba, simu ya ukutani ikalia. Hakuna aliyeigusa. Ikakuita kwa sauti ya baba yako, ukainua kichwa, ukafungua mdomo. Niliing'oa ile simu kwa mikono. Nikajua ipo siku utaitwa mahali ambapo mimi sipo."

"Ungeniambia nisiitike."

"Ulikuwa mtoto."

"Nilikua, mama."

Komeo alikuwa amesimama na kipande cha mkate mkononi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na neno, ingawa sauti alikuwa nayo.

"Na wewe ulijua," Kifaranga alimwambia.

"Nilijua," Komeo alisema. "Nilimwapia mama. Nilikosea." Akaongeza haraka, kama mtu anayetaka kulipita dimbwi, "Kesho naifunga ile nyumba. Kwa saruji na kwa maneno. Haitaita tena mtu."

"Watu wamo ndani."

"Kifaranga—"

"Ukiifunga sasa, mke wa mwoka mikate atabaki bubu mpaka afe. Kwanza watoke. Ndipo ufunge."

"Juzi ulikuwa hujui kuvuka barabara!"

"Leo najua." Alimgeukia mama. "Kesho asubuhi natoka. Mkifunga mlango nitapita kwa jirani, na jirani akikataa nitapiga kelele dirishani mpaka mji mzima uje kunifungulia. Sitaki kukukosea adabu, mama. Nakwambia mapema usije ukashtuka."

Hakuna aliyefunga mlango.

Alianza na mwoka mikate, aliyekuja na unga bado kwenye nyusi. Alisimama katikati ya ukumbi, akamwita mkewe kwa jina lake kamili, kama kwenye kitambulisho. Kimya. Aliita tena, kwa sauti ya juu zaidi. Kimya.

"Mkiwa peke yenu unamwitaje?" Kifaranga alimnong'oneza.

Mwoka mikate alimtazama, akamtazama Ngazi kule mlangoni, akashukuru kwamba masikio yake yamezibwa. "Kijiko," alisema, haya imemjaa. "Kijiko changu." Na mwanamke akaitika kwa kicheko, waya ukachomoka, na yule bwana akaketi sakafuni kati ya manyoya ya njiwa akalia kama mtoto.

Kwa ajili ya mwalimu wa darasa la kwanza walikuja wanafunzi wake, darasa zima, wakafundishwa nje namna ya kuziba midomo. Walipoambiwa sasa, waliita pamoja, "Mwalimuuu! Huyu ananifinya!" Ubao wote ukatikisika: "Kaeni chini!" Dalali hakuwa na mke wala rafiki aliyekubali kuja, alikuja mama yake mzazi, bibi kizee aliyepandishwa ngazi na Ngazi mgongoni, akamwita kwa jina la uchangani ambalo dalali angelipa chochote lisijulikane mjini. Lilijulikana kabla ya adhuhuri.

Kazi haikuwa ya mzaha wakati wote. Mwitaji alipigana. Kila aliyeingia aliitwa kwa sauti ya kumvunja moyo, na Kifaranga alisimama pembeni yake, kiganja tayari, akimziba mdomo alipouona ukitaka kufunguka. Aliumwa vidole. Siku moja baba wa mtoto mdogo alimsukuma akaanguka juu ya kiti, akapasuka paji la uso. Akafungwa kitambaa, akamwingiza yule baba tena, na sauti ya mtoto ikatoka. Alirudi nyumbani amechoka hadi kushindwa kuvua viatu, na kesho yake alivivaa. Kila sauti iliyoondoka, Mwitaji alibakiwa na chache za kuigizia sauti za wengine, na yale maneno yake yalianza kuwa na mapengo, kama wimbo uliosahaulika.

Mwishowe ikabaki sauti moja. Kifaranga aliijua, na hakumwambia mtu. Komeo alikwisha changanya saruji.

Asubuhi hiyo, mama alipanda ngazi za jengo la simu peke yake, tepu ya kupimia ingali shingoni. Hakuna aliyemwita wala kumpa habari. Alipita kati ya binti zake, akasimama ukumbini, akatazama viti vilivyoota kutu mpaka akakiona kile alichokuwa akikikalia mumewe, karibu na dirisha.

"Mama, yeye hana tena..." Komeo alianza. "Sauti ikitoka haina pa kwenda."

"Najua kuzika, mwanangu," mama alisema. "Hiki ndicho nilichobakiza."

Sauti ile ya upole ilimwita kwanza. Mama aliiacha iite, uso umeinuka, kama mtu anayesikiliza mvua. Kifaranga alisogea na kiganja chake, lakini mama alimshika mkono akaushusha. Hakuitika. Alingoja mpaka ikamaliza.

"Bwana Koti," mama aliita. Kumbe ndivyo walivyojuana: kijana aliyekuja kushonewa koti, akarudi kila wiki na koti lile lile, akilipasua mwenyewe mfukoni.

"Naam," ikajibu.

"Kazi imekwisha. Watoto wamekua. Toka upumzike."

Waya wa mwisho ulichomoka polepole. Wote watatu walisikia pumzi ndefu ikielekea dirishani, kitu kati ya shukrani na uchovu, na nje ikachanganyika na honi na nyundo na kelele za watu, mpaka hata masikio ya Kifaranga hayakuweza tena kuitenganisha. Ukumbini kililia *tk*, mara moja, kikavu. Kikajaribu tena. Hakikuwa na chochote cha kusemea.

Komeo alifunga ule mlango kwa saruji na kwa maneno yake, na hadi leo haujafunguka.

Mwezi uliofuata Kifaranga alihamia chumba chake mwenyewe, nyuma ya duka la mwoka mikate. Mama alipinga kwa siku kadhaa: dirisha liko chini mno, kitasa ni cha hovyo, nani atamkumbusha kula. Kifaranga alimsikiliza mpaka mwisho, akafungasha. Siku ya kuhama mama alikuja amebeba mapazia aliyoyashona bila kuambiwa vipimo, akapanda kwenye kiti kuyatundika, na yakawa marefu kupita kiasi.

"Nitayakata," mama alisema.

"Yaache, nitayakunja mwenyewe."

Mlangoni alikuwa akisubiriwa. Komeo na Ngazi walikuwa wameitiwa shule moja, ambako tangi la maji lilikuwa likirudisha ndoo zikiwa na nyuso ndani yake, na safari hii walitaka mtu wa kusikiliza. Kifaranga alimwachia mama ufunguo wa chumba, akachukua viatu vyake.

"Utarudi lini?" mama aliuliza akiwa bado juu ya kiti.

"Nikimaliza," Kifaranga alisema, akatoka.